Mlango Uliomkataa Kaka Yangu

Kaka yangu hajui kuiacha nati iliyolegea. Akikaribishwa kiti kikayumba, hata salamu hajamaliza kuitikia, tayari yuko magotini anatafuta mguu wenye kasoro. Kwa ajili hiyo wenzake wa kazini walimwita Nati, na jina likamganda. Hata wifi yangu, mkewe, humwita hivyo akiwa na furaha naye. Akimkasirikia humwita Baba Watoto.

Kwa miaka mingi alikuwa kwenye kampuni iliyotengeneza programu za hospitali. Yeye hakuandika programu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mitambo inayoziendesha haizimiki, na ikizimika, kuiamsha kabla hospitali hazijaanza kupiga simu. Kisha kampuni ikapunguza watu, naye akapunguzwa. Sasa ana duka la kutengeneza kompyuta na simu: chumba kimoja, meza ndefu, rafu za vioo vilivyopasuka, na televisheni kubwa ambayo mteja aliileta ikiwa imekufa, asirudi kuichukua. Kaka aliifufua, akaitundika ukutani. Washabiki wa "Ghorofa ya Nne" wakapata makao.

"Ghorofa ya Nne" ni mchezo wa kuchekesha unaoonyeshwa Jumamosi alasiri. Unahusu wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta: bosi anayependa vikao kuliko kazi, vijana wanaoweza kubishana kutwa nzima faili lipewe jina gani, dada wa mapokezi anayejua siri za wote. Kaka aliupenda kwa sababu ulisema kweli. Aliupenda zaidi kwa sababu mmoja wa waandishi wake alikuwa Pacha.

Pacha si ndugu yetu. Yeye na kaka walikaa meza jirani pale kampuni, wakila pamoja, wakinuna pamoja, na mara nyingine wakija na mashati ya rangi moja bila kupatana. Ofisi nzima ikawaita mapacha, na jina likabaki kwa huyu mmoja. Baadaye aliacha kazi akaenda kuandika vichekesho, lakini hakuacha kuja. Mama yetu alipofariki, Pacha ndiye aliyefua nguo za kaka wiki nzima, mwanaume mzima, bila kuombwa, akazianika vibaya. Kwa hiyo nikisema kwamba Jumamosi ile kaka alikuwa katika hatari ya kumpoteza rafiki, sina maana ya rafiki wa kutakiana heri za sikukuu.

Nilikuwapo. Kinyozi wa duka la jirani alikaa mbele kabisa, taulo begani, amemwacha mteja wake na nusu ya nywele. Kando yake alikaa Mwalimu, mama wa makamo anayefundisha hesabu, ambaye hupenda mchezo ule kama wengine wanavyopenda mpira: kwa kugombana. Wengine walijaa mlangoni. Kaka alikuwa mezani nyuma yao, ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, anasikiliza zaidi ya kutazama.

Siku hiyo kwenye mchezo, mtaalamu mmoja wa mitambo anafika kazini asubuhi, anaweka kadi yake kwenye kile kiboksi cha mlangoni, taa nyekundu inawaka. Anarudia. Nyekundu. Anaipangusa kadi kwa shati, anaipulizia, anaisemesha kwa upole. Nyekundu. Kando yake mlinzi amelala kwenye kiti, mdomo wazi, ute unamtiririka mpaka kwenye tai. Mtaalamu anatoa bisibisi mfukoni, anakifungua kiboksi, anachokonoa waya, na hatimaye mlango unafunguka. Anashangilia peke yake. Mlinzi anazinduka, anaupigia saluti mmea wa kwenye chungu, anarudi kulala. Mtaalamu anapanda juu, anaketi, kompyuta inakataa neno lake la siri. Basi anaanza kuitengeneza na hiyo. Ofisa utumishi anamkuta chini ya meza, anamwinamia: "Jamani, hukupata barua pepe? Tulikuachisha kazi tangu jana."

Duka lililipuka. Mwalimu alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Mimi nilimtazama kaka. Alikuwa ameweka chini kile chuma cha moto cha kuunganishia waya, na alikiweka juu ya kitambaa, na kitambaa kilikuwa kinaungua.

"Hapana," alisema Kinyozi baada ya kuhema. "Nimecheka, lakini leo wameharibu. Hiyo si chumvi tena, hilo ni gunia zima."

"Wewe unataka kichekesho kiwe taarifa ya habari?" Mwalimu akamgeukia.

"Nataka kiwezekane, mama! Mtu ana shahada yake, mlango unamkataa, haulizi, anatoa bisibisi? Hata mbuzi akifungiwa banda anajua leo hatakiwi."

"Mbuzi hajasoma. Ujinga wa kiwango kile unahitaji shahada."

Wakacheka upya. Kijana mmoja wa kuuza vocha akasema aliyemvunja mbavu ni yule mlinzi. Mwingine akaiga mdomo wazi na saluti. "Walinzi wote ndivyo walivyo," akasema Kinyozi. "Hapo ndipo penye ukweli. Lakini yule mtaalamu, hapana, mtu kama yule hayupo duniani."

"Yupo," kaka alisema.

Hawakumsikia.

"Nimesema yupo!" Akapiga meza, nati ndogo zikaruka kama punje za mahindi kikaangoni. "Ni mimi. Ule mlango niliutengeneza mimi."

Vichwa vyote vikamgeukia. Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo. Nilijua alipunguzwa, sikujua yeye mwenyewe alipataje kujua. Akaisimulia akiwa amesimama, kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka. Kadi ilikataa. Ya mlinzi ilikubali. Badala ya kujiuliza kwa nini ya mlinzi ikubali na yake ikatae, aliamua kwamba kifaa kinasahau kadi za zamani. Akakifungua, akakirudisha kama kilivyotoka kiwandani, nacho kikaanza kumkubali kila mtu. Na kompyuta pia, ndiyo, aliingia chini ya meza akakagua waya. Na barua pepe ya kumwachisha walikuwa wameituma kwenye sanduku la barua la kazini, lile lile walilomfungia.

Kinyozi alijitahidi. Alikaza midomo, akatazama dari, mabega yakamtingishika. "Nisamehe, Fundi," akasema, na kicheko kikamponyoka. Wengine wakafuata.

"Cheka tu," kaka akasema. "Kipande hicho kinachekesha. Hata siku ile nilicheka, nilipofika nyumbani. Lakini mlinzi hakulala! Mnasikia? Hakulala!"

Akaeleza kwamba mlinzi, mzee mmoja mpole, ndiye aliyemletea kigoda asimame. Ndiye aliyemulika kwa tochi na kumshikia skrubu kwenye kiganja, moja moja, akizitaja kwa zamu yake: ya juu, ya kati, ya chini. Mlango ulipofunguka walipigana viganja kama watoto. Jioni kampuni ilipogundua kwamba mlango umekuwa ukimkubali kila mpita njia, ikatafuta wa kulaumiwa. Kaka walikuwa wameshamfukuza. Basi wakamfukuza mlinzi. Wakaandika kwamba alilala zamu.

Hakuna aliyecheka tena. Na hapo ndipo Pacha alipoingia, kreti ya soda begani, uso unang'aa.

"Mabibi na mabwana! Mmeonaje?"

Watu wakatazama viatu vyao. Pacha aliitua kreti, akamwendea kaka kwa mikono iliyofunguka. "Nati wangu. Leo nchi nzima imekufa kwa kicheko. Hiyo ni zawadi yako."

"Sikukupa zawadi. Nilikusimulia."

"Ndugu yangu, sikukutaja popote."

"Nani anazungumza habari zangu? Mlinzi umemfanya nini?"

Pacha alishusha mikono. "Aa. Mlinzi. Sikiliza. Mwanzoni niliandika kama ulivyonisimulia, na kigoda na tochi. Tukaisoma kikaoni, watu wakanuna. Mlinzi mwema hachekeshi, Nati. Anatia huzuni. Mtu ametoka kazini kachoka, anataka acheke, wewe unampa mzee mwenye tochi."

"Kwa hiyo ukamlaza."

"Ni mlinzi wa kubuni!"

"Kampuni ilisema alilala. Uongo! Na wewe unajua ni uongo, nilikwambia kwa kinywa hiki, tumekaa hapa hapa. Katika dunia nzima tulikuwa watatu tunaojua hakulala: yeye, mimi na wewe. Sasa nchi nzima imemwona kalala, tena na ute!"

"Fundi," Mwalimu akajaribu kuingilia, "kichekesho hakiapi mahakamani. Mwandishi akilazimika kusema kweli tupu, tutabaki na nini cha kucheka?"

"Mama, wewe nyamaza kidogo," Kinyozi akamkata. "Mtu kasingiziwa mara mbili hapa."

"Sinyamazi! Umecheka kuliko sisi sote!"

"Nimecheka kwa kuwa sikujua!"

"Na ukijua kichekesho kinageuka kibaya? Kilikuwa kile kile!"

Wakaanza kupigiana kelele, huku Pacha akimvuta kaka pembeni. Nilikuwa karibu, nilimsikia. Alisema wanaweza kumwandika mwishoni, pale majina yanapopita: wazo la fulani. Alisema kwa sauti ya mtu anayefuta matope kwenye kiatu cha mwenzake.

Kaka akainyanyua kreti ya soda mwenyewe, akaitoa nje, akaiweka juani. "Tokeni," akasema. "Nyote. Pacha, wewe wa kwanza."

Sijawahi kumwona kaka akimfukuza mtu. Alifanya vibaya, kama asiyejua kazi hiyo. Alimsukuma hata mteja aliyekuja kuchukua simu yake.

Siku iliyofuata akaniambia tufuatane kwa yule mzee. Siku hizi analinda yadi ya mbao, amekaa langoni kwenye kibanda kisicho na mlango. Njiani kaka hakuongea ila mara moja: "Nataka asikie kutoka kwangu kabla hajachekwa na mwingine." Nilielewa kwamba anataka na kingine. Alitaka mzee akasirike, ili hasira iwe na mwenyewe halali.

Mzee alifurahi kumwona mpaka akawasahau wateja waliokuja na mkokoteni. Hatukuwa hata tumekaa. "Bwana wangu! Umeona ule mchezo wa jana?"

Kaka akaniangalia. "Umeuona, mzee?"

"Nimeuona! Yule wa bisibisi, nikamwambia mke wangu, huyu si yule bwana wangu wa mlango? Ndiye kabisa! Tulicheka. Na yule mlinzi, loo!" Akafumba macho, akaachia mdomo, akapiga saluti, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Nilikuwa na mwenzangu pale, wa zamu ya usiku, alikuwa analala vile vile. Wamempata barabara."

Kaka alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta neno la kuanzia, na nilimwona akimtazama yule mzee aliyekuwa anafuta machozi ya kicheko kwa mgongo wa mkono. Akafunga kinywa. Akatoa meno kidogo, akasema ni kweli, wamempata. Tulikaa, tukazungumza bei ya mbao, tukaaga.

Barabarani hasira ilikuwa imemzidi kuliko jana. Alitembea mbele yangu kama ninayemdai. "Hata yeye," alisema. "Hata yeye wamemfanya ajicheke."

"Hakujicheka, kaka. Alimcheka mwenzake."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Nilifikiri labda mzee yule amefanya kile ambacho maskini hufanya kila siku, kuupitisha mzigo kwa aliye chini yake kidogo, na kwamba mwenzake wa zamu ya usiku naye pengine alicheka jana, akimfikiria mwingine. Sikumwambia. Kuna mawazo yanayomfaa mtu aliyekaa, si mtu anayetembea kwa hasira.

Tulipofika dukani simu yake ikaita. Pacha. Kaka aliiacha iite, ikakata, ikaita tena. Akapokea, akaiweka sauti ya juu, akaitua mezani.

"Nati, usikate. Shemeji ameniambia umekwenda kwa mzee. Amesemaje? Amekasirika?"

"Amecheka."

Tulisikia pumzi ndefu ikishuka upande wa pili, kisha kicheko chepesi cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Si unaona! Nilijua. Mwenyewe kacheka, wewe unaumia kwa niaba ya nani?"

Naamini kwamba kama Pacha angenyamaza pale, kama angesema tu "aa" na kungoja, wangekuwa wanakula pamoja hadi leo. Kaka alikuwa amechoka. Kwa siku mbili alikuwa anatafuta mahali pa kuitua ile hasira. Badala yake nilimwona akinyooka.

"Amecheka kwa sababu hajui ni yeye," akasema. "Nenda yadi ya mbao. Mwambie: mzee, yule aliyelala ni wewe, mimi ndiye niliyekulaza, na nilikuwa najua hukulala. Mwambie hivyo, umtazame usoni. Akicheka tena, njoo dukani, nitacheka na mimi."

"Nati, nitamwambiaje mtu maneno kama hayo?"

"Basi usije."

Washabiki siku hizi wanakutana kwa Kinyozi, wanatazama kwenye televisheni ndogo, wanagombana vile vile. Kutoka dukani kwa kaka tunawasikia, na Mwalimu ndiye anayesikika zaidi. Kaka huongeza sauti ya redio. Pacha hajaja. Wala yadi ya mbao hajafika. Najua, kwa sababu kila anapopita njia ile kaka husimama langoni kumsalimu mzee, na kabla ya kuondoka humuuliza, kama jambo dogo lililomjia tu, iwapo kuna mtu yeyote aliyekuja kumtafuta.