Bwana Baridi na Tepu za Rejeta

Kuna watu, wapenzi wangu, ambao hata kuku akitaga watamwelekeza namna ya kukaa. Mmoja wao tulimwita Bwana Baridi. Aliuza majokofu kwa miaka ishirini, akaamini kwamba duniani hakuna kitu kisichonufaika na ubaridi. Chai aliinywa ikishapoa. Injini ya kigari cha mbio cha binti yake aliipepea kwa kofia.

Fundi wa kigari hicho alikuwa shangazi wa binti, dada yake Bwana Baridi. Injini ile ndogo haivuti vizuri mpaka maji yake yafike nyuzi hamsini na kitu, kwa hiyo shangazi hubandika vipande vitatu vya tepu mbele ya rejeta inayoyapoza, kuzuia upepo. Joto likizidi, dereva hubandua kimoja huku anaendesha.

Siku ya mchujo zilikuwepo raundi mbili. Sita bora wa raundi yoyote wangeingia fainali, wengine, nyumbani. Shangazi alipokwenda kuchukua petroli, Bwana Baridi akabandua tepu zote.

Binti alianza wa pili, akarudi wa kumi na mbili. Mita ya joto ilisoma thelathini na nane.

“Nani katoa tepu?” shangazi aliuliza.

“Mimi. Ulikuwa umeiziba pua. Ona, haijapata moto hata kidogo.”

“Ndiyo maana imelala, kaka.”

“Basi ni mafuta yako mabaya. Mimi nimeishi na mashine miaka ishirini.”

“Umeishi na majokofu. Sijaona jokofu likishinda mbio.”

Watu wa banda la jirani wakageukia ukuta wacheke kwa adabu.

Binti hakucheka. Alibandika tepu mpya mwenyewe. Baba aliponyoosha kidole, akasema taratibu, “Baba, ukigusa, siendeshi.”

Kidole kikarudi mfukoni.

Raundi ya pili mita ilipanda arobaini na tano, ikafika hamsini na mbili, kigari kikaamka. Mzunguko wa saba ilikaribia sitini; binti akabandua kipande kimoja bila kupunguza mwendo. Akamaliza wa tano.

Shangazi alijibwaga juu ya tairi, machozi yakimtoka. Bwana Baridi alikuwa keshafika kwenye uzio, akiwaeleza watu wawili asiowajua kwamba raundi ya kwanza alikuwa anawapumbaza wapinzani.

Binti alimpita, helmeti mkononi.

“Shangazi,” alisema, “kesho kwenye fainali njoo na kufuli ya banda.”