Boksi la Mama Vikopo katika Basi la Robo

Mwanamke alipoingia ofisi ya vifurushi na boksi la barafu begani, mwenye mabasi hakuinua hata kichwa.

"Leo hatununui barafu, dada."

"Na mimi siuzi. Humu mna makohozi ya watu thelathini, nataka yasafiri."

Mwenye mabasi akaondoa kiwiko chake mezani taratibu, kama mtu aliyepanga kukiondoa tangu asubuhi. Stendi nzima ilimwita Robo, kwa sababu tangu anunue basi lake la kwanza, bovu, lenye viti vya kuazima, hajawahi kumpunguzia mtu bei kupita robo. Alimpima mgeni wake kwa macho: mtu mzima, viatu vya kutembelea, kalamu tatu mfukoni. Huyu hakuja kulia, alijiambia. Huyu kaja kupatana.

Mgeni huyo alikuwa mratibu wa kifua kikuu wa mkoa, na kwa vikopo alivyobeba miaka yote wagonjwa walimwita Mama Vikopo. Shida yake aliieleza akiwa amesimama. Wafadhili waliokuwa wakilipia pikipiki za kukusanya makohozi walikuwa wamefunga mkoba. Mashine ya kupimia ilikuwa moja, hospitali ya mkoa, nayo ilishinda bure imefunikwa kitambaa, wakati watu wa wilaya tano wakikohoa kungoja majibu. Mwisho wa mwezi halmashauri tano zingekaa kuamua kama zichange zenyewe, lakini kwanza zilitaka kuona sampuli ikienda na jibu likirudi ndani ya siku mbili. Na mabasi yaliyopita wilaya zote tano yalikuwa ya Robo peke yake.

"Kwa hiyo unataka mwezi mzima, bure."

"Nataka mwezi wa majaribio, kaka."

"Majaribio hayajazi tanki."

"Dereva wako aliyeugua mwaka jana alikaa nyumbani muda gani?"

Robo akahesabu kwa vidole. Miezi mitano. Na aliyeshika usukani badala yake aliligeuza basi matairi juu.

"Wafanyakazi wako wote nitawapima hapahapa stendi, bila foleni," Mama Vikopo akasema. "Halmashauri zikikubali, mkataba ni wako. Zikikataa, umepoteza nafasi ya boksi moja."

Robo aligeuza hesabu kichwani, akaikuta haimuumi. "Sawa. Ila ukimwambia mtu ni bure, nitakukana mchana kweupe."

Wiki ya kwanza mambo yaliharibika, tena kwa heshima. Dereva mkuu wa Robo, aliyeitwa Kamanda, alikuwa na mahali pake pa mizigo ya wakubwa: juu ya kifuniko cha injini, ubavuni mwake, ambapo hakuna kibaka angegusa. Aliposikia boksi ni la serikali, akaliweka hapohapo na kulifunga kamba mbili. Lilisafiri kwa muda wa saa saba likichemka. Lilipofunguliwa maabara, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu, vifuniko vimelegea, na vikopo kumi na moja vimevuja. Maabara ikavikataa.

Kesho yake alfajiri Mama Vikopo alipanda basi bila kumsalimu mtu, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akakiondoa upesi.

"Kamanda, umenipikia wagonjwa wangu."

"Mama, hapo naweka mizigo ya mkurugenzi mwenyewe!"

"Basi mkurugenzi anapenda vitu vya moto. Mimi sipendi."

Utingo aliangua kicheko mpaka akaangusha funguo. Boksi likahamia chini ya kiti cha kondakta, upande usiopigwa na jua, na amri ikatoka: mtu asiweke mguu juu yake. Mama Vikopo hakwenda nyumbani. Alizunguka siku tatu kuwatafuta wale kumi na mmoja, mmoja shambani, mmoja gereji, mwingine msibani, akawaomba wakohoe upya. Kuanzia hapo hakuna kikopo kilichovuja, na majibu yalirudi na basi la kesho yake.

Ahadi yake nyingine pia aliitimiza. Aliwapima watu wa Robo wote, na mmoja akapatikana na ugonjwa: Kamanda, aliyekuwa akikohoa miezi miwili na kusema amekula vumbi tu.

Siku ya kikao Robo alivaa koti. Halmashauri nne zilikubali kuchangia kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba sehemu ya fedha itoke kwenye mafuta ya gari la mratibu. Mama Vikopo akakubali. Halmashauri ya tano, kwa mdomo wa mweka hazina wake, ikagoma.

"Kwetu wagonjwa wachache. Kwa nini tuwalipie majirani?"

Robo akamwinamia Mama Vikopo. "Dada, saini na hawa wanne. Wa tano muache apoe."

"Basi lako linasimama kwake muda gani?" Mama Vikopo aliuliza, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Dakika arobaini. Abiria wanakula."

"Basi wanakula na kukoholeana dakika arobaini, halafu wanapanda tena kwenda kwa hao wanne. Mimi sisaini mkataba wenye tundu."

Robo aliuona mkataba wake ukiota mabawa. Mama Vikopo akamgeukia mweka hazina.

"Fedha huna, nimekusikia. Lakini nyuma ya stendi yako kuna uwanja unaota magugu. Huyu bwana kauomba miaka sita aegeshe mabasi, umemnyima. Mpe uwanja, uwe mchango wenu."

Robo alishtuka. Kati ya watu wake, siri ile aliijua utingo tu; akaapa moyoni kumkata ulimi. Mweka hazina naye alikuna kidevu: magugu hayakuwa na kifungu kwenye bajeti.

"Miaka mitatu," akasema.

"Na bei ya boksi napunguza robo," Robo akadakia.

"Miaka mitatu ya uwanja kwa robo?" Mama Vikopo alikuwa ameshafunga kalamu. "Nusu, kaka. Au nikawatafutie wenye malori."

Robo alivua koti. "Nusu," Robo akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Basi njia ikabaki wazi kwa wilaya zote tano, kwa mwaka mmoja. Robo alipata uwanja wake, akapoteza nusu ya bei pamoja na jina: utingo sasa humwita Nusu akiwa mbali. Kamanda, aliye na dawa za miezi sita, aliondolewa kwenye usukani mpaka daktari amruhusu. Mama Vikopo alipoteza gari, lililobaki bila mafuta. Jumatatu ya kwanza alikuja stendi na boksi lake, akaliweka chini ya kiti cha kondakta, akaketi juu ya kiti hicho.

Robo akamnyooshea mkono dirishani. "Boksi ni nusu. Wewe ni abiria."

Alilipa nauli nzima, akadai tiketi.