Programu Arobaini Zisizopita Mlangoni kwa Mama Kufuli

Saa mbili asubuhi haijatimia, na mtunza ghala wa idara ya maji hayupo ghalani. Yuko ghorofa ya pili, kwenye chumba cha wachora ramani. Amesimama nyuma ya kiti cha mtu, miwani imeshuka puani, na kiganja chake kimelala juu ya kompyuta kama anayepima homa ya mtoto.

"Fungua," anasema.

Mchora ramani anabonyeza. Kioo kinakuwa cheupe, kinafikiri kidogo, halafu mabomba ya mji mzima yanatokea, mengine ya buluu, mengine mekundu, yamesukana kama mishipa ya mkono.

"Funga."

Anafunga.

"Fungua tena."

"Mama, si umeshaiona?"

"Nimeiona. Sasa nataka nijue kama inayorudi ni ile ile."

Chumba kizima kinacheka. Yeye hacheki. Anaweka alama kwenye karatasi yake, anahamia meza inayofuata.

Jengo zima linamwita Mama Kufuli, na wiki hii anapokea mzigo wa ajabu kuliko yote aliyowahi kupokea: programu za kompyuta arobaini, ambazo hazina katoni wala uzito. Zikifunguka zote mbele ya macho yake, mkuu wa idara atamrudishia muhuri wa kupokelea mali. Zisipofunguka, muhuri utapewa mtu mwingine, naye atahamishiwa mapokezi akawaelekeze wageni vyoo vilipo.

"Sidharau mapokezi," anasema. "Ila kule wanapokelewa watu. Mimi nimezoea kupokea vitu."

Jina la Kufuli alipewa na madereva. Kila jioni akishafunga ghala hulivuta kufuli, huondoka, hufika karibu na geti, kisha hurudi kulivuta tena. Mumewe, fundi viatu mwenye kibanda karibu na nyumba yao, anasema tabia hiyo haiishii kazini.

"Nikirudi nyumbani ananitazama mikono kwanza, nimeleta nini," anasema mzee huyo huku akipaka gundi kwenye soli. "Akishajua idadi, ndipo ananisalimia. Nimezoea. Mtu asiyenikagua sasa hivi nitamwona hanipendi."

Mama Kufuli ameshika ghala hilo kwa miaka kumi na tisa. Mshahara wake si wa kusimuliwa. Ukishatoa kodi ya nyumba na ada ya binti wa mwisho, kinachobaki ni nauli. Lakini ana kanuni moja ambayo hata wakubwa waliomkaripia waliishia kuifuata: hapokei kitu ambacho mkono wake haujakigusa. Bomba hulipiga kwa funguo asikie mlio. Koki huzizungusha, moja moja. Katoni ya karatasi huifungua hata kama kiwanda kimeipiga gundi pande zote.

"Ukiwa na mzigo wa yule mama, siku hiyo usipange safari nyingine," anasema dereva mmoja wa lori. "Niliwahi kumletea ndoo za rangi, akazitikisa zote. Nikamwambia, mama, zimejaa. Akaniambia, basi zitikise wewe nisikie."

Halafu zikaja programu.

Zamani, idara ikitaka programu ya kompyuta ilikwenda kwa muuzaji peke yake. Maji wakaenda kivyao, barabara kivyao, hospitali kivyao, na kila mmoja akarudi na bei yake. Siku hizi makao makuu ya manunuzi hukaa na muuzaji mara moja kwa niaba ya ofisi zote za serikali. Wanapatana bei na masharti, wanasaini mkataba mmoja, kisha kila idara huagiza idadi inayoitaka chini ya mkataba huo huo. Wenyewe wanauita mkataba wa pamoja.

Mpaka hapo Mama Kufuli anasema alielewa. Kilichomchanganya ni kinachofuata. Alipoambiwa ajiandae kupokea programu arobaini za kuchorea na kusomea ramani za mabomba, moja kwa kila kompyuta, alisafisha rafu mbili. Kisha akamwita fundi wa kompyuta, binti mwenye sauti ndogo ambaye umri wake haupiti sana ule wa mtoto wa kwanza wa mama huyo, amuulize kama mzigo huo unaogopa unyevu.

Fundi huyo anakumbuka mazungumzo yalivyokwenda.

"Nikamwambia, mama, hizi haziwekwi kwenye rafu. Ni kama nyinyi majirani mnapochanga na kununua gunia moja la mchele kwa bei ya jumla, halafu kila mtu anachukua fungu lake."

"Gunia nitaliona," Mama Kufuli alimjibu.

"Hili hulioni."

"Na fungu langu?"

"Nalo hulioni."

"Mwanangu, hapo mmeshaibiwa."

Binti akajaribu njia nyingine. Akasema kinachonunuliwa si programu yenyewe bali leseni, yaani ruhusa ya kuitumia, kila mtu na yake. Programu yenyewe ilikuwa tayari imo ndani ya kompyuta tangu mkataba wa zamani wa idara yenyewe.

"Imeingiaje na geti ni moja?" aliuliza Mama Kufuli. "Nani aliipitisha?"

Fundi anasema kila jibu alilolifikiria lilizaa swali jingine. Mwishowe alirudia tu kwamba ni ruhusa, na kila mtu atapata yake. Akaenda zake kula.

Siku chache baadaye gari la mizigo lilisimama getini na katoni moja. Nje ilikuwa na nembo ya muuzaji wa programu, ile ile iliyo kwenye barua ya mkataba wa pamoja. Mama Kufuli akaifungua. Ndani kulikuwa na kofia nyeusi zenye nembo hiyo hiyo juu ya paji. Akazihesabu akapata arobaini. Akarudia kuhesabu.

Alizivuta mishono, akaangalia kama rangi inatoka kwa mate. Zilikuwa kofia nzuri. Mchana afisa manunuzi, aliyekuwa safarini, alimpigia simu.

"Mama, ule mzigo wa mkataba wa pamoja umefika?"

"Umefika. Arobaini, hali nzuri."

"Safi sana. Gonga muhuri, makao makuu wanasubiri wamlipe mtu."

Akagonga. Kisha akapita chumba hadi chumba akigawa kofia, kila mtu akisaini. Watu walidhani ni zawadi, wakashukuru, wakavaa. Na kweli zilikuwa zawadi, muuzaji hupeleka kwa kila idara inayojiunga. Za kwao zilitangulia kufika, wakati namba za kufungulia leseni zenyewe zilikuwa hazijatumwa. Makao makuu walipoona hati yenye muhuri, waliandika kwamba idara ya maji imekwisha kupokea, wakamlipa muuzaji, wakahamia kwa ofisi nyingine.

Leseni za zamani zilipokoma, kompyuta za wachora ramani zilikataa kufunguka. Wiki hiyo hiyo bomba kubwa likapasuka nyuma ya shule ya msingi. Mafundi wakapiga simu ofisini waambiwe koki ya kulifunga iko wapi, ofisi haikuweza kuiona ramani. Wakachimba upande huu, hamna. Wakachimba upande ule, wakakuta nyaya za umeme za watu. Mtaa anaoishi Mama Kufuli ulikaa na mifereji mikavu hadi mkongwe mmoja wa idara aliyestaafu alipokuja na kandambili zake, akaonyesha kwa kidole.

"Nilikuwa nabeba ndoo na kofia ya programu kichwani," anasema mumewe. "Ilinisaidia jua."

Mkuu wa idara, mwanaume mpole asiyependa kupandisha sauti, alimwita Mama Kufuli ofisini. Kofia ilikuwa juu ya meza.

"Mama, hii ni nini?"

"Kofia."

"Kwenye hati umeandika nini?"

"Programu."

"Sasa wewe, unayepiga mabomba kwa funguo, umeipokeaje kofia kwa jina la programu?"

Mama Kufuli anasema hakuwa na la kuficha, akaeleza alivyofahamu. Aliambiwa kinachokuja ni ruhusa, na kila mtu na yake. Ukiacha mzigo stendi unapewa kisahani cha namba. Kisahani si mzigo, lakini asiye nacho hapewi kitu. Basi akaona mwenye kofia ndiye mwenye ruhusa.

"Mkuu alinitazama, akaitazama kofia. Akasema, mama, unajua nakaribia kukuelewa, na hilo ndilo linanitisha. Akanyoosha mkono, nikampa muhuri."

Kwa siku kadhaa alikuwa akienda ghalani bila muhuri. Madereva walishusha mizigo, akaipiga na kuizungusha kama kawaida, halafu karatasi zikapelekwa juu kugongwa na mtu ambaye hakuwahi kuuona mzigo wenyewe. "Hapo ndipo nililia," anasema. "Si kwa kuogopa kuhamishwa. Nililia kwa kuwaza koki imegongewa muhuri na mtu hajaizungusha."

Makao makuu nao hawakuwa na msaada mwingi. Fundi wa kompyuta alipowauliza programu huhesabika imepokelewa lini, wa kwanza alisema ni pale barua pepe inapoingia. Wa pili akasema ni pale mtumiaji anapoifungua mara ya kwanza. Wa tatu aliomba atumiwe swali kwa maandishi, na hadi leo hajajibu.

Namba za kufungulia zilipopatikana hatimaye, ni binti huyo aliyekwenda kwa mkuu wa idara. "Nilisema huyu mama kosa lake ni moja, anataka kugusa. Basi tumwache aguse. Jibu la yule wa pili ndilo lenye kitu cha kutazama: apite kila meza, aone ikifunguka, ndipo aandike." Mkuu alikubali, kwa sharti kwamba zitimie arobaini.

Ndiyo maana yuko ghorofa ya pili asubuhi hii, na kiganja chake.

Kazi haiendi haraka. Mhasibu mmoja kasahau nywila, anaitafuta chini ya kibodi, chini ya maua, hata ndani ya kiatu. Karani wa malalamiko anataka kwanza alalamike kwamba kofia yake inambana. Mama Kufuli anasubiri. Kompyuta inayosita anaipigapiga mgongoni, na fundi anamwambia kwa upole kwamba hiyo haisaidii.

"Mbona imefunguka?"

"Ingefunguka tu, mama."

"Haya. Wewe ndiye unayejua."

Inapofika mchana karatasi ina alama thelathini na tisa. Vyumba vimekwisha. Wanazunguka tena, wanachungulia hadi chumba cha walinzi. Fundi anafungua orodha iliyotoka makao makuu na kuishusha hadi chini kabisa.

"Mama, ya arobaini imeandikwa ghala."

"Ghala gani?"

"Hilo lako. Ni yako wewe."

"Mimi sina kompyuta."

"Unayo. Zilipokuja kompyuta mwaka juzi zilikuwa arobaini, kila mtu akaja kwako kuchukua yake."

Mama Kufuli anavua miwani. Ghalani, rafu ya juu karibu na mita za maji, kuna katoni moja ambayo yeye huifuta vumbi kila Ijumaa. Amekuwa akimsubiri mwenyewe aje na hati ya kuichukulia. Amewahi hata kuwasema watu kwenye korido: mtu gani huyu anaachiwa kompyuta nzima, hata haji kuiulizia.

"Kumbe nilikuwa najisema mwenyewe," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka.

Kuichukua nako si rahisi, kwani kwa kanuni zake anayetoa mali hawezi kuwa yeye anayeichukua. Anapanda ngazi hadi kwa mkuu wa idara kuomba amsainie kama mtoaji. Mkuu anasikiliza hadi mwisho, anajipangusa uso, anafungua droo.

"Mama, chukua muhuri wako. Thelathini na tisa zinatosha. Yaishe."

Muhuri umewekwa mezani. Mama Kufuli anautazama, haugusi.

"Bado moja, bosi. Tulipatana arobaini. Nisainie hii kwanza."

Anasainiwa. Jioni katoni inashushwa kutoka rafuni, naye anaikata gundi taratibu kwa funguo ile ile ya kupigia mabomba. Fundi atakuja kesho kuiunganisha na kumwonyesha jinsi ya kuiwasha. Mama Kufuli ameshampa sharti kwamba asibonyeze chochote. Atabonyeza yeye mwenyewe, na ikifunguka atapanda juu kuufuata muhuri.

Anasema mkataba mwingine wa pamoja unakuja, wa programu za mishahara, na safari hii atakuwa tayari. "Wakileta kofia nitawapa watu wavae. Muhuri sitoi mpaka nione inafunguka."

Anapitisha kiganja juu ya kioo cheusi cha kompyuta yake, ambayo bado ina nailoni. Kuna jambo moja, anasema, ambalo bado halijamkaa vizuri.

"Ikifunguka, naiona. Hilo nimelikubali. Lakini mwanangu, ikishafungwa, usiku, huwa iko wapi?"

Fundi wa kompyuta, ambaye amesomea kazi hii na amepita ghalani kuaga, anachungulia kioo hicho cheusi. Kisha anasema atamuuliza mtu.