Kitambaa Chekundu cha Zuwena

Wanapomwaga lami mpya barabarani, watu wengine hufunga pua. Mimi husimama. Harufu ile ikinijia jua likiwa kali, pua yangu huanza kuitafuta harufu ya pili, ya karafuu mbichi zinazoanza kukauka, na isipoipata huona kama kimepungua kitu. Wanangu hunicheka, husema mama yao ana mimba ya uzeeni. Waacheni wacheke. Ninyi nitawaambia sababu yake, kwa sharti mnisikilize mpaka mwisho, maana mwanzo wa habari hii unanipendeza kuliko mwisho wake.

Tulikaa kando ya njia ya Chake kwenda Wete, mahali ambapo barabara huteremka kilima kisha ikakata kona kali kabla ya kufika nyumbani kwetu. Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya pili vya Wajerumani, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Lami ilikuwa imetiwa karibuni tu, na motokaa zilizopita kwa siku hazikumaliza vidole vya mkono mmoja. Mwanzo watu wazima waliiogopa lami ile. Walitembea majanini, kwa adabu, kama wanaopita mbele ya mtu anayesali. Kisha mtu mmoja akagundua kwamba lami ikipata jua huwaka moto, na karafuu zilizoanikwa juu yake hukauka kwa siku mbili tatu badala ya tano. Hapo woga ukaisha. Msimu ulipoingia kila nyumba ilitandika majamvi yake mbele ya mlango wake, nusu nzima ya barabara, na jirani akisogeza jamvi lake shubiri moja tu kuingia upande wenu, siku hiyo mlisemeshana kwa ukali. Barabara ya serikali tuliigawana kama kiwanja cha urithi.

Sasa majamvi yetu yalikuwa nyuma ya kona. Dereva anayeshuka kilima hakuweza kuyaona mpaka ameyafikia. Baba akalifikiria jambo hilo siku nzima, kisha akakata kipande cha kisutu, kanga kuukuu ya bibi, upande wenye wekundu mwingi, akakifunga kwenye ufito. Mtoto mmoja atasimama juu, kabla ya kona, na akisikia motokaa atatikisa kitambaa, dereva apunguze mwendo na apite upande usio na karafuu. Kazi hiyo akampa Zuwena.

Zuwena alikuwa mtoto wa ndugu yake baba, marehemu, na mama yake alikwisha kuolewa Tanga. Aliletwa kwetu kutoka Fundo mwezi mmoja kabla ya msimu, na kifurushi cha nguo kisichojaa kwapani. Alikuwa na miaka tisa. Huko kisiwani kwao hakuwahi kuona hata gari la ng'ombe, achilia mbali motokaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakupewa jembe, alipewa kitambaa chekundu. Na mimi, binti wa nyumba, mkubwa wake kwa mwaka mzima, niliambiwa nikae na mama kuchambua makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu.

Nilimwonea wivu. Nasema wazi, maana nimeshazeeka na aibu imechoka kunifuata. Nilikuwa nikichambua karafuu karibu na mlango baba alipokuwa akimfunza, na kila neno liliniingia.

"Simama majanini, mguu wako usiguse lami," baba alimwambia. "Ukisikia mngurumo, inua kitambaa. Usingoje kuiona. Gari si ng'ombe, mwanangu. Ng'ombe akikuona husimama mwenyewe. Gari husimama akitaka yule aliyekaa ndani."

Mimi katika maneno yote hayo nilishika moja tu, lile la mwanangu. Mengine niliyaacha yapite, nami nimeyalipia maisha yangu yote.

Gari la abiria, la mbao, lilipita asubuhi kwenda Chake na alasiri kurudi Wete, na dereva wake alikuwa Mzee Faki, mtu mnene mwenye kofia iliyopinda. Yeye hakuondoka kituoni mpaka kila abiria ameingiza mikono na miguu ndani, na ukiining'iniza nje alizima gari, akashuka, akakuangalia tu mpaka uone haya. Basi huyu Mzee Faki alimpenda Zuwena. Alipokiona kitambaa alipunguza mwendo, akatia mkono kipajini kama askari, akasema, "Shikamoo, Bi Njia." Abiria wakacheka, na mara nyingine mmoja wao akamtupia kashata au kipande cha halua kilichofungwa kwa jani. Bi Njia! Mtoto asiyejua hata kuchota maji kisimani bila kujimwagia.

Halua ile alikuja nayo nyumbani bila kuionja, akaigawa nusu kwa nusu, na nusu kubwa akanipa mimi. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Ningependa awe mchoyo nipate la kusema. Nilikula halua yake nikiwa nimenuna, na nilipomaliza nililamba jani.

Nilifika hadi ya kumwombea homa. Si homa ya kuua, la. Nilimwomba Mola homa ndogo, ya siku tatu, itakayomlaza ndani ili kitambaa kije kwangu. Baada ya siku nne nikapata mimi matubwitubwi. Nilikaa ndani mashavu yamevimba, na Zuwena akija kila jioni kunihadithia motokaa zilizopita, rangi zake na watu waliokuwamo. Nikageukia ukutani.

Nilipopona nikaona dua zinachelewa, bora nijitafutie mwenyewe. Siku moja alasiri, baba alipokwenda msikitini, mama akiwa jikoni, nilipanda kilima nikamwambia Zuwena, "Baba anakwita."

"Kuno nani atabaki?" akauliza.

"Mie. Baba kasema nikushikie."

Akanipa ufito. Kabla ya kwenda akaniangalia miguu, akasema, "Pano, Raya, majanini. Usisimame kwenye lami." Nikamwambia hanifunzi kitu. Akashuka mbio, akapotea nyuma ya kona.

Sijui kama mliwahi kukipata kitu mlichokitamani sana. Nilisimama katikati ya barabara, lami ikinichoma nyayo, nikajiona malkia. Ilikuwa saa ya Mzee Faki kurudi. Nikapanga moyoni: nikikitikisa kitambaa akiwa mbali, atadhani ni Zuwena, na salamu itakuwa ya Zuwena. Kwanza anione uso. Basi nikakificha kitambaa mgongoni, kama mtu anayemfichia mwenzake zawadi. Mngurumo nikausikia mapema, kutoka juu kabisa ya kilima. Niliusikia vizuri. Sikuinua kitu.

Lililotokea halikuwa gari la Mzee Faki. Lilikuwa lori la magunia, na dereva wake kijana mgeni wa njia ile, ambaye hakumjua Zuwena wala majamvi yetu. Alishuka kilima bila kupiga honi, na hilo lilikuwa kosa lake; yaliyobaki yalikuwa yangu. Alipokuwa karibu kiasi cha kuniona meno ndipo nilipotoa kitambaa mbele. Akapiga kelele, akakata usukani, nikarukia majanini, na lori likanipita na upepo wake na likaingia kwenye kona.

Nyuma ya kona sikuona. Nilisikia magurudumu yakilia juu ya lami, kisha kimya kidogo, kisha sauti ya mama.

Zuwena alikuwa amefika nyumbani akaambiwa baba yuko msikitini. Akaona bora amngoje akifanya kazi, akachutama pembeni mwa jamvi kugeuza karafuu kwa viganja. Alikuwa amekipa kilima mgongo, maana alijua juu kuna mtu mwenye kitambaa. Gurudumu la nyuma lilimpita juu ya mguu wa kulia. Nilipofika alikuwa amekaa katikati ya karafuu zilizopondwa, halii, anautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Dereva ndiye aliyekuwa akilia.

Wakamfunika kanga, wakampandisha kwenye lori lilelile, baba na mama wakapanda naye, wakamkimbiza hospitali ya Wete. Nami, wenzangu, nisikilizeni jambo hili, kwani sijamwambia mtu: lori lilipoondoka, nilimwonea wivu hata hapo. Mimi nilikuwa sijapanda motokaa bado.

Kesho yake baba na mama walirudi kuchukua nguo. Jirani aliuliza imekuwaje, na mama akasema Zuwena mwenyewe keshaeleza: alichoka kusimama, akampa Raya kitambaa bila kumfunza, akaja zake nyumbani. Nikangoja mama aendelee. Hakuendelea. Zuwena hakunitaja kwa uwongo wangu hata kwa herufi moja. Nikanyamaza, na kunyamaza kule nikakuona ni bahati.

Jirani alipokwenda zake, nikawasikia baba na mama uani. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa makuti ya jikoni.

"Ajali haina kinga," baba alisema.

"Hii ilikuwa nayo," mama akamjibu, polepole. "Kinga yake mwana wa watu. Na huyu Raya, wako wa kumvyaa, mbona hukumweka pale?"

Nilimwona baba kwa ufa wa makuti, ameshika ukonyo mmoja wa karafuu, anaugeuza na kuugeuza vidoleni. Nami nikalia. Nililia kwa sababu niliona hata mama amethibitisha: baba alitutazama sisi wawili, akamwona Zuwena ndiye anayefaa.

Wiki ile baba alitoa majamvi yetu barabarani akayarudisha uani, akawaomba majirani nao watoe yao. Wengine walinung'unika kwamba siku tano ni nyingi, mvua ikija je, mpaka Ijumaa Mzee Faki aliposimama barazani msikitini akiwa amevua ile kofia yake. "Mie mwanijua nami nawajua," alisema. "Nikifika kwenu napunguza. Lakini njia si yangu peke yangu. Kila siku atapita asiyewajua, na yeye nyinyi hamtampata mumwambie." Jumapili yake lami ilikuwa tupu, na watoto tukaamrishwa kutembea majanini na kuzielekea motokaa, tusizipe mgongo.

Zuwena alikaa hospitali muda mrefu. Alirudi bila vidole vitatu, na mwendo wake ukawa wa kuchechemea. Tulilala kitanda kimoja mpaka nilipoolewa, na hatukulizungumza jambo lile.

Niliolewa Wete, nyumba iliyotazama barabara, na wakati huo magari yalikwisha kuwa mengi. Tulikaa na Time, mtoto wa shemeji yangu, yatima kama alivyokuwa Zuwena, umri mmoja na binti yangu. Alasiri moja nilikuwa jikoni, chumvi imekwisha, na duka liko ng'ambo. Wasichana wote wawili walikuwa barazani wakicheza kete, bega kwa bega. Nikaita, "Time, nenda mbio ukaniletee chumvi." Sikufikiri. Mdomo wangu wenyewe ulichagua. Nikamwona anashuka barazani, mguu mmoja umeshagusa njia, na binti yangu amebaki anapanga kete zake kwa raha. Ndipo maneno ya mama ya uani yakanijia yote.

Nikamwambia Time arudi akae. Nikakaa na mimi, pale pale jikoni. Baba hakuniona sifai. Baba aliitazama kona ile, akajua ni mahali pa kufia mtu, akatutazama sisi wawili. Na pengine hata yeye hakujua kwamba amechagua, kama nisivyojua mimi. Miaka yote ile nilijiona nimenyimwa, kumbe nilikuwa nimefichwa. Chumvi nilikwenda kununua mwenyewe.

Siku ya pili nikapanda gari nikaenda kwa Zuwena. Nilimkuta barazani kwake anashona kofia, mguu ule ameukunja chini ya kanga kama alivyozoea. Nikamweleza yote bila kukaa: uwongo wangu, kitambaa mgongoni, mama na baba uani. Aliendelea kushona. Nilipomaliza nikamwuliza lililonileta, kwa nini hakusema siku ile hospitalini kwamba nilimdanganya, na mguu wake ulikuwa mbele ya macho yake.

Akaukata uzi kwa meno, akaniangalia bila hasira yoyote.

"Weye Raya," akasema. "Ningelisema, ningelilala wapi?"