Katuni ya Watoto Watoro na Bani la Mama

Mwaka wa kwanza baada ya baba kufariki, mimi na mama tulipatana hivi: akishindwa kujaza bani, lile banda la kukaushia tumbaku, hata mara moja, anaacha kilimo, anafunga nyumba ya Usoke na kuja kukaa nami Tabora mjini. Akilijaza, nanyamaza. Nilijua nitashinda. Goti lilikuwa linamsumbua, alikuwa peke yake, na tumbaku si zao la mtu mmoja. Majani yanachumwa asubuhi, yanafungwa kwenye fito siku hiyohiyo, fito zinatundikwa ndani ya bani la kukaushia, ndipo moto unawashwa. Yakilala kwenye lundo yanajichemsha yenyewe, na kesho yake yamekuwa meusi, hayafai hata kumpa adui. Mimi nilikuwa nimeshanunua kitanda cha pili.

Siku ya kufunga majani nilipanda gari kwenda Usoke, kwa maelezo kwamba nakwenda kusaidia. Nikakuta lundo limefika kiunoni na majirani wameketi kulizunguka kwenye mikeka, chini ya kibanda cha nyasi. Huko watu hufungiana tumbaku kwa ujima, leo kwako kesho kwangu, lakini kuna jambo halisemwi: watu hubaki palipo na maongezi. Enzi za baba walikuja kwa ajili ya mdomo wake. Alikuwa akisimulia safari moja ya treni kwa siku nzima, na treni yenyewe ilikuwa haijatoka stesheni. Sasa hayupo, na nilishaambiwa kwamba mwaka huu watu wakila tu matobolwa ya mama, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, wanakumbuka mbuzi wao.

Nilipomaliza kuwaamkia, mama akanisogezea fungu la majani, akasema kwa sauti ya chini, "Ongea nao wewe. Mdomo wa baba yako unao."

Sikuwa na cha kuongea. Maisha yangu ni steshenari karibu na stendi: natoa kopi, nabandika picha za pasipoti, nagombana na printa. Kitu pekee kichwani mwangu kilikuwa katuni ya Kijapani, zile vijana wanaziita anime, niliyoitazama kwenye simu nilipokuwa nimelala na malaria. Nikawaambia kuna nyumba kubwa mlimani imezungushiwa ukuta, na ndani wamo watoto yatima wanaolelewa na mama mmoja mpole. Mara kwa mara mtoto mmoja anaambiwa amepata shule nzuri, anavalishwa viatu vipya na kusindikizwa hadi getini. Kumbe hakuna shule. Chini ya mlima kuna zimwi, mtoto huyo ndiye chakula chake, na mlezi ndiye anayempeleka. Watoto wawili, binti mkubwa na mvulana mwembamba, wanagundua, wanaanza kupanga kutoroka.

Mikono ikaongeza kasi. Jirani yetu, mama mmoja wa kwaya ya Moravian, akaacha kutazama jua.

Tatizo ni kwamba katuni ile ukiitazama una homa inatisha. Ukiisimulia mchana mbele ya watu wazima, inaanza kuchanika. Nilipowaeleza jinsi yule binti mkubwa alivyosimama kwenye korido akiwaza, huku mlezi anakuja, wakaniuliza aliwaza kwa muda gani. Nikasema sehemu nzima ya katuni. Mlezi alikuwa anatoka wapi? Mwisho wa korido. Mama wa kwaya akataka kujua kama mlezi naye alikuwa na goti, maana korido gani hiyo mtu anatembea mpaka mwenzake amalize kuwaza maisha yake yote. Kwa kweli hata mimi nilipokuwa kitandani niliwahi kuikemea simu.

Kisha kulikuwa na ule mchezo wa kujuana. Binti anaficha kamba, mlezi anajua kwamba kamba imefichwa, binti anajua kwamba mlezi anajua, na mlezi alishajua kwamba binti angejua. Mara ya kwanza walishangaa. Mara ya tatu mzee mmoja akaweka ufito chini.

Mzee huyu alikuwa Mgogo, mstaafu wa reli, aliyeoa hapa na kubaki. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana adabu ya kuazima. Hata kwenye msiba wa baba alijilaza ndani ya kaburi lililokuwa halijafukiwa, akidai marehemu hajamuaga. Kwa desturi mtani hukaa upande wa adui. Basi akajitangaza kuwa wakili wa zimwi.

"Kama wote wanajua, basi wakalale," akasema. "Mteja wangu naye ajue chakula kinakuja lini."

Tangu hapo sikupumua. Kila nilichosimulia, wakili alikuwa na hoja. Hawa watoto wamelelewa, wanashiba, wanaoga maji ya moto, na wana umri wa darasa la tano lakini wanabishana kama wabunge. Nani kawasomesha, kama si zimwi? Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Halafu akawageukia Wanyamwezi wote pamoja: babu zenu walitembea na pembe za ndovu kutoka hapa mpaka baharini wakarudi kwa miguu, na leo mnashangilia watoto walioshindwa kuruka ukuta mmoja. Watu walicheka mpaka majani yakaanguka. Mama wa kwaya alichukulia jambo lile kwa uzito, akamjibu kwa Maandiko, akasema wana wa Israeli nao walishiba Misri. Wakagawanyika kambi mbili. Kuna mwanamke aliyemlilia kweli yule mvulana mwembamba aliyejitoa kwa zimwi ili wenzake wapite, akavuja damu.

Nami niliona lundo linashuka. Niseme ukweli wa siku ile: nilifurahi na nilikasirika kwa wakati mmoja. Kila nilipowashika kwa hadithi, kitanda changu kilikuwa kinakosa mtu.

Watoto wakaruka ukuta. Mkekani watu wakapumua, kambi ya zimwi ikazomewa, matobolwa yakaliwa. Robo ya lundo ilikuwa bado. Wakaniambia niendelee, na hapo ndipo nikafika msimu wa pili wa katuni.

Ambaye hakuutazama msimu wa pili amshukuru Mungu. Watoto wanatoka ukutani wakiwa pekupeku kwenye theluji. Ukigeuka wana nyumba na mapazia. Yule mvulana mwembamba tuliyemlilia anatokea mlangoni mzima, anasema habari za siku nyingi, na hakuna anayemwuliza alikuwa wapi. Zimwi linazungumza na binti kidogo, linatokwa na machozi, linaacha kula watu. Wale watoto wengine waliobaki mlimani, maana kumbe nyumba za namna ile zilikuwa nyingi, ambao ndio shida yenyewe, wanaokolewa kwa picha. Si picha zinazotembea. Picha zilizosimama, moja baada ya nyingine, kama albamu ya harusi, na muziki juu yake. Basi, imekwisha.

Ningeweza kuziba mapengo. Mtoto wa baba yangu angeziba. Lakini nilijiambia kwamba mimi si mtunzi, na kwamba ukweli ni ukweli, nikawasimulia vilevile ilivyo, picha kwa picha.

Mwanamke aliyelia akaniuliza kwa upole kama nimechoka. Mama wa kwaya akasema mtu aliyepoteza damu yote ile harudi mlangoni akabisha hodi kama mgeni wa Jumapili. Hata wakili wa zimwi alikasirika kwa niaba ya mteja wake, eti hakuna zimwi la maana linaloacha kazi kwa maneno mawili. Mmoja akajipangusa utomvu mikononi. Mwingine akamkumbuka mbuzi wake. Kanga zikaanza kukung'utwa. Nikamtazama mama. Alikuwa ameinamia ufito wake na hakuniangalia.

"Kaeni," akasema. "Huyu simu yake ilikuwa inaruka. Mvulana hakufa."

Mama yangu si msimuliaji. Katika ndoa yote yeye ndiye aliyepika wakati baba anaongea. Lakini alianza, na mikono yake haikusimama. Mvulana alikuwa amejificha kwenye chungu cha kupikia pombe jikoni, akasema, kwa sababu mpishi wa ile nyumba alikuwa mtu wa Goweko na watu wa Goweko hawafunui chungu kisicho chao. Kanga zikarudi chini. Wale wengine hawakuokolewa na picha. Walifuatwa, mmoja mmoja, kwa njia ya zamani ya misafara, na mama akawatembeza njia yote: nani alibeba maji, nani alitoka malengelenge, kijiji gani kiliwapa uji na kijiji gani kiliwanyima, mwenye kijiji akaja kuomba radhi siku ya pili. Kila kitu ambacho Wajapani walikiruka, yeye alikipitia kwa miguu. Zimwi halikulia. Zimwi lilizeeka, meno yakang'oka, likaanza kula mlenda, na wakili wake akakubali kwamba hiyo ni hukumu ya haki. Wakati huo majani ya chini kabisa ya lundo yalikuwa yanaonekana, kisha ikaonekana ardhi.

Nilidhani amemaliza. Akavuta fungu la mwisho.

Watoto wale, akasema, walifika mjini, wakapanga vyumba, wakawa wananunua maji kwa ndoo. Wakakua. Mmoja, binti, mwenye akili kuliko wote, akamkumbuka yule mama mlezi aliyebaki kule mlimani peke yake. Zimwi limekufa, geti liko wazi, na bado anafagia. Binti akapanda gari, akamfuata, akamwambia: nimekuja kukutoa.

Mama akakaza kamba.

"Yule mlezi akamwuliza, 'Nani alikuambia nimefungwa?'"

Kibanda kizima kikacheka, kicheko cha watu waliojua tangu asubuhi nimefuata nini, na kila mmoja akatazama majani yake kwa heshima. Isipokuwa mtani, ambaye kwa desturi hawajibiki kwa heshima ya mtu. Alinitazama usoni.

"Mtani," akasema, "na kipande hicho nacho kilirukwa?"

Uso uliniwaka. Niliona aibu mpaka masikioni, na chini ya aibu nilimwonea mama fahari ambayo sikuwa nimejiandaa nayo. Yeye hakucheka. Alisimama kwa kulishika goti, akaninyooshea ufito uliojaa majani, kwa sababu jua lilikuwa linazama na aliyepanda ndani ya bani kutundika fito siku zote alikuwa baba.

"Pandisha," akaniambia. "Anza na safu ya juu."

Nikavua viatu, nikapanda.