Jibu la Mara ya Pili

Dada yangu alinipita miaka tisa. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la nne, na yeye ndiye aliyeacha chuo cha ualimu, akaishika cherehani ya mama na kunilea. Leo ana duka lake pale Dagoretti Corner, anashona sare za shule. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba nilichokifanya nilikifanya kwa kutojua. Nilijua kila kitu nilichopaswa kujua.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Wakati huo nilikuwa kwenye maabara ya utafiti huko Parklands, katika chumba kisicho na dirisha ambacho lazima kiwe baridi mchana kutwa kwa sababu ya mashine. Tulikuwa tukichunguza protini za wanawake wenye saratani ya titi. Watu wakiniuliza kazi yangu nilikuwa nawaeleza hivi: kuna saratani inayokaa ndani ya vijia vya maziwa, pengine miaka mingi, isitoke; na kuna ile inayotoboa kuta za vijia hivyo na kuanza kutembea mwilini. Sisi tulitafuta alama kwenye damu zitakazotuambia ipi imeshatoboa. Unachukua damu ya mgonjwa, unazikatakata protini zake kwa kimeng'enya, halafu mashine inapima uzito wa kila kipande na kuchora mistari kwenye kompyuta. Kati ya maelfu ya vipande tulikuwa tumepata protini chache zilizoonekana kupanda kwa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umetoboa.

Zilionekana kupanda, basi. Damu tulizokuwa tumepima zilikuwa chache, na kila tulipoongeza nyingine, protini moja ilituangusha. Profesa wetu, mwanamke wa maneno machache aliyekuwa akivaa sweta mbili humo ndani, alikuwa akituambia kila Jumatatu, "Hiki bado si kipimo. Hakuna mgonjwa atakayepewa jibu kutoka chumba hiki."

Dada alihisi ugumu kwenye titi la kushoto mwezi wa Oktoba. Nilimsindikiza kwa daktari wa upasuaji huko Hurlingham, akachomwa sindano, vipande vikatolewa, na baada ya wiki mbili tukaitwa.

"Tumeona seli za saratani," daktari alisema. "Kwenye vipande tulivyochukua bado ziko ndani ya vijia. Lakini eneo ni kubwa, na mahali ambapo sindano haikufika siwezi kukuapia. Ushauri wangu ni tuondoe titi lote, na tuangalie tezi za kwapani."

"Na mkikata mkute ilikuwa imetulia tu huko ndani?"

"Basi tutakuwa tumeiwahi, mama."

Dada aliitikia kwa kichwa, lakini mikono yake ilikuwa imeukamata mkoba kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Mama yetu alikatwa titi, na hakumaliza mwaka. Dada ndiye aliyemwosha na kumbadilisha bandeji. Mimi nilikuwa nikipelekwa kwa jirani, kwa hiyo sikuona. Yeye aliona yote.

Tulipotoka nje, kando ya barabara, alisimama.

"Hiyo mashine yenu," alisema, "si ndiyo inatafuta hii kitu?"

"Inatafuta, dada. Haijapata."

"Si unipime tu?"

Nilimwambia haiwezekani. Nilimweleza kuhusu sampuli chache, kuhusu kamati ya maadili, kuhusu fomu ambazo hakutia sahihi. Alinisikiliza hadi mwisho. Wiki iliyofuata akaniuliza tena, na iliyofuata tena. Siku ya upasuaji ilikuwa imeshapangwa, mwishoni mwa Novemba, na kadiri ilivyokaribia ndivyo alivyoacha kula. Nilimkuta dukani ameshona mkono wa shati kwenye shingo. Fundi wa miaka ishirini na mitano.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa mezani kwake. Alisukuma sahani kando, akakunja mkono wa gauni, akauweka mkono wake juu ya kitambaa cha meza.

"Mimi sikuombi dawa," alisema. "Nataka tu kujua. Kama imetoka, nitakatwa. Kama haijatoka, niache nipumue kidogo. Nani mwingine nitamuuliza, mami?"

Nilikuwa na sindano na vichupa kwenye begi. Nadhani nilivibeba nikijua.

Siku hiyo barabara ya Ngong ilikuwa imefungwa upande mmoja, na damu ilikaa kwenye chupa ya barafu kwa karibu saa tatu nzima kabla sijafika Parklands. Nilipoizungusha kwenye mashine ili seli zishuke chini, maji ya juu ambayo huwa ya manjano yalitoka na wekundu. Maana yake seli zilikuwa zimepasuka njiani. Sampuli kama hiyo ingeletwa na mtu mwingine ningeiandika haifai na kuitupa. Niliitayarisha, nikaiacha na kimeng'enya hadi asubuhi, kisha nikaiingiza katika nafasi tunayoitumia kukagua mashine. Sikuipa jina wala namba.

Mistari ya kwanza ilipotokea niliisoma mmoja mmoja. Protini mbili zilikuwa juu, ya tatu katikati. Damu yake ilikaa na kundi la wale ambao ugonjwa wao umetoboa, au ukingoni mwake. Nilijiambia ni ule wekundu. Ilikuwa kweli kwamba wekundu unaweza kuvuruga. Nikachukua tone lililobaki, nikalipima upya.

Mara ya pili zilishuka zote.

Damu ni ile ile, mashine ni ile ile, majibu mawili yanayopingana. Mtu mwaminifu hapo husema hajui. Lakini ule wekundu ambao uliniwezesha kulikataa jibu la kwanza, sikuukumbuka tena nilipoliona la pili. Nilishukuru Mungu palepale kwenye kiti.

Kesho yake wakati wa chakula cha mchana nilienda dukani. Dada alikuwa na pini tatu mdomoni, anapima upindo wa sketi. Alizitoa moja moja.

"Inaonekana imetulia," nilisema.

"Haijatoka?"

"Inaonekana haijatoka. Lakini dada, hii si kipimo cha hospitali. Kwa daktari utaenda vile vile."

"Nimesikia."

Aliinamisha kichwa juu ya sketi na kulia, mabega yakitikisika. Sijawahi kumpa mtu kitu kilichopokelewa hivyo. Nilijua amesikia nusu ya kwanza tu, na sikuirudia ile ya pili.

Aliwapigia simu hospitalini, akawaambia atakuja baada ya shule kufunguliwa, kwa sababu Januari ndio msimu wa sare. Januari ikapita. Februari alisema anamalizia oda ya shule moja. Nilikuwa nikimkumbusha, lakini kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa maswali. Alikuwa amenenepa kidogo, anaimba kwaya tena.

Mwezi wa Aprili alinipigia simu kazini. "Kuja uguse," alisema.

Tuliingia nyuma ya pazia ambako wateja hujaribia nguo. Aliinua mkono. Kwapani kulikuwa na tezi kama punje ya maharagwe, ngumu, isiyosogea chini ya kidole. Kwenye kioo alikuwa ananitazama usoni, na mimi sikuweza kuupanga uso wangu kwa haraka ya kutosha.

Daktari wa Hurlingham alifungua faili na kusoma tarehe. "Ulikuwa uje Novemba. Mlikuwa mnangoja nini?"

Nilifungua mdomo. Dada aliwahi kuongea.

"Ni mimi niliogopa, daktari. Huyu alinisihi sana nije. Mimi ndio nilikataa."

Alidanganya kwa ajili yangu, mbele yangu, akiwa amekaa na hiyo tezi kwapani. Na mimi nikanyamaza. Daktari akaendelea kuandika.

Vipimo vilirudi. Ilikuwa imetoboa na kuingia kwenye tezi. Hakuna anayeweza kusema kama ilikuwa hivyo tangu Novemba au ilitoka katika miezi ile. Niliuliza kwa njia za kuzunguka, na jibu lilikuwa lile lile. Nimeligeuza kila upande kutafuta pahali pa kujificha, sijapata.

Nilimwendea Profesa wiki hiyo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliomba faili za mara zote mbili, akaziangalia kwa muda mrefu.

"Ungeniuliza, ningekuambia hatujui," alisema.

"Ndiyo maana sikukuuliza."

Alivua miwani. Hakunifokea. Alisema lazima aiandikie kamati, na kwamba kuanzia siku hiyo nisiguse sampuli ya mtu. Baadaye nilihamishiwa ofisi ya kumbukumbu, kuingiza namba za watu nisiowaona.

Dada alikatwa mwezi wa Mei. Kabla hajaanza dawa za saratani, nilimwambia kuhusu jibu la kwanza. Ningeweza kuliacha lizikwe, lakini kila alipowaambia wageni jinsi nilivyohangaika naye nilitafuta kisingizio cha kutoka chumbani. Alikuwa kitandani, mrija wa kutolea maji ya kidonda ukiwa umebandikwa ubavuni.

"Ulipima mara mbili?"

"Mara mbili."

"Na ya kwanza ilisema nini?"

"Ilikuwa karibu na ile mbaya. Haikuwa wazi. Zote hazikuwa wazi."

Alitazama dari. Kisha akasema, taratibu, "Ungeniambia hujui, ningeenda. Kutojua ndiko kulikuwa kunanipeleka."

Akaniomba nitoke. Wiki tatu hakushika simu yangu. Nilikuwa natuma ujumbe kila asubuhi, naona ameusoma, hajibu. Nilipita ng'ambo ya duka mara mbili na kulikuta limefungwa, na fundi wa viatu wa jirani akaniambia hajui lolote.

Halafu siku moja alipiga yeye. "Alhamisi sina mtu wa kunipeleka hospitali."

"Nitakuja."

"Usiniongeleshe kuhusu ile kitu."

"Sitaongea."

Nilimpeleka Alhamisi hiyo na nyingine zote zilizofuata. Tulikaa kwenye viti vile vya plastiki huku dawa ikidondoka, akisinzia, kichwa kikiniegemea kisha kikijiondoa alipozinduka. Nywele zilikwisha. Mara ya nne muuguzi alikuja na fomu, akamweleza kwamba kuna watafiti wanaoomba damu ya wagonjwa, na kwamba hatapewa jibu lolote. Nilitazama sakafu.

"Hakuna jibu kabisa?" dada aliuliza.

"Hakuna, mama. Ni ya kusaidia watakaokuja."

"Afadhali hivyo," alisema, akaomba kalamu.

Sasa dawa zimemaliza vidole vyake. Vimekufa ganzi, hawezi kutunga uzi wala kuishika pini. Duka hajalifunga. Anakata vitambaa kwa makasi makubwa, na Jumamosi mimi naenda kushona vifungo, vibaya, yeye akivifumua na kuniambia nirudie. Picha ya mwisho ilionyesha doa dogo kwenye ini. Daktari anasema linaweza kuwa kitu, linaweza lisiwe kitu, turudi baada ya wiki nane. Zimepita tano. Hajaniuliza ninafikiri nini, na mimi sifungui mdomo. Juzi alivua miwani, akajaribu mara nyingi kuokota kifungo kimoja mezani, kikamteleza kila mara, hadi akakisukuma kwangu kwa upande wa kiganja. Nikakishona.