Mheshimiwa, Nilionja

Hii habari sikuwa na mpango wa kumsimulia mtu, na kama si kwamba Kasulu nzima wanaijua na wanaisimulia vibaya (kuna wanaosema nililewa mpaka nikabebwa, jamani, nililewa wapi?), ningekaa nayo kimya mpaka nizeeke. Aibu niliyoipata siku ile sina hamu. Lakini mmeniuliza, basi ngoja niwaambie mwenyewe, na mcheke mnavyotaka, mimi nilishazoea.

Mnajua kwamba kabla ya uwakili nilikuwa afisa ustawi wa jamii hapahapa Kibondo, miaka mingi tu, mpaka leo sokoni wananiita Mama Ustawi, hivyo vyeti vya sheria hakuna anayevijali. Kazi ile ndiyo iliyonikuza. Ilinifundisha kwamba mtoto humjui kwa kusoma jalada, lazima ufike anapolala, ukae kwenye kigoda chao, ule wanachokula, unywe wanachokunywa, uwasikilize wa upande huu na wa upande ule, ndipo ufungue mdomo wako. Nikaenda kusoma sheria nimeshakuwa mtu mzima, nikarudi wakili wa mambo ya ndoa na watoto, nikapanga chumba nyuma ya duka la vitenge, nikaweka meza, na nikawa najisifu kwa kila anayeingia kwamba mimi si kama mawakili wengine, mimi nina utu. Sasa utu huohuo ndio ulioniponza.

Mteja wangu alikuwa anaitwa Nestoria, fundi cherehani wa hapa Kibondo. Yeye na mumewe, Gervas, walikuwa wameshaachana, na siku moja Gervas akaja kumchukua binti yao Devota, wa miaka sita, akasema anampeleka likizo kwa bibi yake Kagerankanda, huko upande wa Kasulu. Likizo ikaisha, mtoto harudi. Ikaja likizo nyingine, nayo ikaisha, simu haipokelewi. Nestoria alimfuata mwenyewe, wakamzuia njiani akarudi, hata uso wa mwanawe hakuuona. Alikuja ofisini kwangu amekonda, anaongea huku anaangalia mlango. Alichotaka ni kimoja tu, mtoto arudi aanze darasa la kwanza akiwa kwake. Tukafungua shauri Kasulu, likapangiwa siku, na mimi nikamwambia asiwe na wasiwasi. (Wasiwasi nilikuwa nao mimi. Kesi ya mtoto ikikaribia mimi hukosa raha, chakula hakipiti, nafunga mlango narudi kuangalia kama nimeufunga.)

Nikatangulia Kasulu siku moja kabla. Asubuhi stendi ya Kibondo Nestoria alikuja kunisindikiza, na mimi kwa mdomo wangu usio na breki nikamwambia kwamba nikifika, kabla ya mengine yote, nitapita Kagerankanda nimwangalie mtoto, nione analala vipi, anakula nini, maana sitasimama mbele ya hakimu kumsemea mtoto ambaye sijaona anavyoishi. Akanishika mkono. "Mama, usiende kwao," akasema. Nikamwambia hawa watu mimi nimeishi nao, najua kukaa nao. Akaniachia mkono, gari likaondoka.

Kasulu nikaacha begi gesti, nikachukua bodaboda. Njia nzima moyo unaniambia rudi, wewe ni wakili wa upande mmoja sasa, unakwenda kufanya nini kwa upande wa pili, na mimi najijibu kwamba naangalia mtoto tu, dakika chache, hakuna atakayejua. Hakuna atakayejua! Nashuka kwenye pikipiki nakuta uwanja umejaa watu, wazee wamezunguka mtungi wa pombe ya ndizi, mirija imesimama ndani, na wote wamenigeukia.

Aliyeinuka ni Mzee Buhinja, baba mkubwa wa Gervas, ndiye msemaji wa ukoo. "Mwakeye," akanisalimia, salamu ile ndefu ya Kiha ya kushikana mikono na kuulizana habari za kila mtu na kila kitu, na katikati ya salamu akasema walijua tu upande ule utatuma mtu. Nikacheka kistaarabu, nikadhani ni ukarimu. Kumbe hapo ndipo ningeaga nikaondoka.

Devota alikuwepo. Alikuja mbio akasimama kando yangu akaniegemea, maana alinifahamu toka nilipokuwa nikishonesha nguo kwa mama yake, kichwa kimefika hapa kwenye mbavu, na kusema kweli alikuwa salama, hana kidonda, hana kikohozi, ila kimya sana. Akaniuliza taratibu kama mama yake bado anashona. Nikamjibu anashona kila siku. Akaitikia kwa kichwa, na mimi nikawa sijielewi vizuri, na katika kutojielewa huko nikasikia Mzee Buhinja ananikaribisha nikae.

Nikakaa. Wakanipa mrija.

Mimi pombe situmii, mnanijua, kwaya yote inanijua. Lakini miaka ile ya ustawi nilijifunza kwamba ukiukataa mrija wa watu umewatukana, kwa hiyo nilikuwa na ufundi wangu, unagusa mdomo, unavuta kidogo kama unajaribu chai ya moto, unashukuru, unampa mwenzako. Nimefanya hivyo nyumba nyingi na hakuna lililotokea. Basi nikavuta kidogo, nikashukuru. Watu wakapiga makofi. Bibi yake Devota akatoa kuku, kafungwa miguu, akanipa mikononi, na wanawake wakapiga vigelegele, na mimi mjinga nikajisemea, aisee, kumbe bado wananipenda. Nikarudi Kasulu na kuku wangu kwenye bodaboda, nimetulia kidogo kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Kesho yake mahakamani, mimi na suti yangu nyeusi, Nestoria kafika asubuhi hiyo, kavaa kitenge kizuri, mikono imebana mkoba. Wanaingia ukoo mzima wa Gervas, wamependeza kama wanakwenda harusini, wanatusalimia kwa furaha, mmoja ananipungia. Nikaanza kutoka kijasho. Shauri likaitwa, na Gervas, ambaye hakuwa na wakili, akainuka akamwambia hakimu kwamba wanashukuru, lakini hakuna tena cha kusikiliza, wameshaelewana jana nyumbani, mtoto anabaki Kagerankanda.

Nestoria akanigeukia. Sikuweza kumtazama.

Nikainuka nikasema upande wetu haujui maelewano yoyote. Basi Mzee Buhinja akaomba ruhusa, akapewa, akaeleza taratibu, bila hasira hata kidogo, kwamba kwao wenye ugomvi hawanywi mtungi mmoja, na siku mtu wa upande ule akija mwenyewe, akakaa, akashika mrija, maneno yamekwisha, na anapewa kuku ili aondoke na ushahidi. Akanionyesha kwa mkono. "Huyu mama alikuja hajaitwa. Akanywa. Na kuku anaye."

Sasa ndiyo nikaelewa, nikiwa nimesimama mbele za watu, kwamba miaka yote ile nilipokuwa nikinywa kwenye nyumba za watu nilikuwa mgeni wa serikali, sina upande, mdomo wangu haukuwa na maana yoyote kwa mtu. Jana nilikwenda na mdomo wa Nestoria. Mtungi ni uleule, ila mimi nilikuwa nimeshabadilika, na wote pale walilijua hilo isipokuwa mimi mwenyewe. Nikashika meza.

Hakimu akavua miwani. Akaniuliza kama ni kweli nilikunywa.

"Mheshimiwa, nilionja."

Chumba kizima kicheko. Mpaka karani aliinamisha kichwa. Hakimu peke yake ndiye hakucheka.

"Ulionja kwa niaba ya nani?"

Nikafungua mdomo, na mniamini, katika majibu yote duniani lililotoka ni kwamba nilionja kama ustawi. Akaniuliza ustawi nimeuacha lini. Nikasema zamani. Kicheko tena, na mtu huko nyuma akauliza kwa sauti kuku alipo, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikamjibu yuko gesti.

Hakimu akawatuliza watu, akasema mtungi hauwezi kuamua mtoto akae wapi, hilo wote waliweke akilini. Nikapumua. Kisha akasema lakini wakili amekwenda mwenyewe kwa upande wa pili na sasa ni sehemu ya ushahidi, hawezi kuendelea na shauri hili, Nestoria atafute wakili mwingine na shauri liahirishwe. Mpaka hapo mtoto atabaki alipo.

Nje, watu bado wamesimama makundi makundi wananitazama. Nilisubiri Nestoria anitukane, kwa kweli nilitaka anitukane. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatisha.

"Amekua?"

Nikamwambia amekua. Akaniuliza anafika wapi. Nikamwonyesha kwa mkono hapa kwenye mbavu, aliponiegemea. Nestoria akafungua mkoba, akatoa futi yake ya kushonea, akapiga magoti chini kwenye vumbi la mahakama na kitenge chake kizuri, akanipima mimi, kutoka chini mpaka kwenye mkono wangu, kwa sababu shule inakaribia kufunguliwa na sare alikuwa bado hajaikata, na katika watu wote waliokuwa upande wake mimi peke yangu ndiye niliyemwona mwanawe. Nikasimama wima sitingishiki, machozi yananitoka mbele ya haohao walionicheka, na sikujali.

Siku hizi kesi ya mtoto nikiishika, nyumba ya upande wa pili siikanyagi, nikitaka kujua anavyoishi naomba mahakama imtume afisa ustawi, aliye kazini, siyo mimi. Nimeapa, na Mungu ananisikia. Wakikutana nami Kasulu bado wananiuliza kama nimeonja leo, nami najibu bado.

Devota alirudi kwa mama yake, wakili mwingine alimpigania vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Ila alirudi wenzake wameshasoma sana. Nilikwenda kuwasalimia nikamkuta amesimama juu ya kigoda, amevaa sare ile ya vipimo vyangu, na Nestoria yuko chini anafumua pindo, kwa sababu ilikuwa imeshamwia fupi.